Betri Chini ya Kitanda

Ukimwambia mtu wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, kwamba kuna gari la mbio limelazwa Mudaka, atauliza kwanza limefikaje huko. Swali lake ni la haki. Mudaka ni soko kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Ipo upande wa Kabare, kwenye barabara ya taifa namba 2 inayotoka Bukavu kupitia Kavumu, penye uwanja wa ndege, na kuendelea hadi Goma. Hapo hupita maharage, mihogo, ndizi za kutengenezea pombe ya kasiksi, mbuzi na ng'ombe. Magari yanayojulikana hapo ni ya kubeba: Hiace, Noah, Fuso, Land Cruiser za mashirika. Gari lenye tumbo la chini, lenye viti viwili vya mbele vinavyomkumbatia mtu na viwili vya nyuma visivyomtosha hata mtoto wa darasa la kwanza, litasimamisha mazungumzo ya soko zima.

Lakini lisichekwe haraka. Gari la mbio na tope la Afrika Mashariki wanajuana zamani. Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953, ilikuwa mahakama yao. Datsun 240Z, gari lenye pua ndefu kama korongo, lilishinda mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta. Toyota Celica lilishinda mara tatu mfululizo, 1984, 1985 na 1986. Porsche 911 lilimaliza la pili mwaka 1972, likamaliza la pili mwaka 1974, na mwaka 1978 likamaliza la pili tena. Ushindi wa mashindano yale ya zamani halikuupata kamwe, na wapo mashabiki ambao hadi leo hawajalisamehe.

Na njia ya kufika Kivu ipo. Magari yaliyotumika Japani hushushwa Dar es Salaam au Mombasa, kisha hupanda bara. Ndiyo maana usukani wa kulia ni jambo la kawaida Kivu ya Kusini, ingawa Kongo huendesha upande wa kulia wa barabara, na dereva anayetaka kulipita lori hulazimika kumuuliza abiria wake kama mbele ni salama. Katikati ya msururu huo wa Noah na RAV4, mara moja moja huteleza Celica, au Altezza, au Subaru Impreza lenye bomba la moshi nene kuliko adabu. Mwenye kulinunua anajua kabisa barabara ilivyo, na hununua hivyo hivyo.

Kisha gari hilo hulala. Hapo ndipo hadithi yake inapoanza kufanana na hadithi ya mahali.

Ulaya kaskazini, gari la mbio hulazwa kwa sababu ya chumvi. Mwezi wa Novemba barabara hunyunyiziwa chumvi ili barafu isigande, chumvi hula chuma, na mwenye gari hulifungia lake hadi Aprili. Ni usingizi wenye kalenda. Kivu haina barafu. Ina mvua kuanzia Septemba hadi Mei, na tope ambalo gari la chini halina hoja ya kulijibu. Lakini sababu kubwa ya magari kusimama katika nchi hii haikuwa mvua. Tarehe 14 Februari 2025 waasi wa M23 waliingia Kavumu na kuuchukua uwanja wa ndege. Tarehe 16 walikuwa Bukavu. Mudaka iko katikati ya tarehe hizo mbili, kwenye barabara hiyohiyo moja. Na Bukavu haikuwa inaingiliwa kwa mara ya kwanza: ilianguka mwishoni mwa Oktoba 1996, ikabadilisha mikono Agosti 1998, ikatekwa kwa siku chache Juni 2004.

Katika siku kama hizo gari linalowaka ni hatari kwa mwenyewe. Yeyote mwenye bunduki anaweza kuuomba ufunguo wake, na ombi la namna hiyo halina majadiliano. Basi mwenye gari hufanya hesabu ya haraka. Anafungua kapo, kama boneti inavyoitwa Kongo, anang'oa betri na kuisukuma chini ya kitanda. Akipata muda, anatoa pine mbili, yaani matairi, na kuliketisha gari juu ya matofali au magogo. Analifunika turubai, juu ya turubai anatupa magunia na majani ya migomba. Halikimbii tena, kwa hiyo halitamaniki tena.

Sasa chukua kitabu cha maelekezo ya kulitunza gari la kifahari wakati wa majira ya baridi. Ondoa betri, au angalau chomoa waya hasi. Yapunguzie matairi uzito. Lifunike kwa kitambaa kinachopitisha hewa. Usiliache na breki ya mkono. Isipokuwa turubai, ambalo hufungia unyevu, mtu wa Kabare aliyefanya kazi usiku kwa mikono inayotetemeka ametimiza karibu maelekezo yote bila kuyasoma. Kinachoitwa Stuttgart, mji wa Porsche, matunzo, Mudaka kimefanywa na hofu, na chuma chenyewe hakijui tofauti.

Betri ndiyo inayostahili kuanza kusemwa, kwa sababu ndiyo inayoanza kufa. Watu hudhani gari lililozimwa halili kitu. Linakula. Kengele ya wizi inasikiliza, saa inahesabu, kompyuta ya injini inahifadhi kumbukumbu zake, kipokezi cha ufunguo wa mbali kinasubiri ishara. Gari la kisasa lenye afya huweza kunywa miliampia 50 likiwa kimya. Ni kidogo kama mate ya mende, lakini kwa saa 24 ni ampia-saa 1.2. Betri ya ampia-saa 60 itakuwa imefika nusu kabla wiki ya nne haijaisha. Kipimo chake kitasoma nini? Betri iliyojaa na kupumzika husoma volti 12.6 au zaidi kidogo. Ikisoma 12.4, robo imekwenda. Ikisoma 12.0, imebaki robo tu, na mtu anayetazama tarakimu hizo bila kujua atasema hakuna tofauti kubwa kati ya 12.6 na 12.0. Tofauti ni ya mtu aliyeshiba na mtu anayezimia.

Betri inapoachwa na njaa, salfeti ya risasi huganda juu ya sahani zake kama ukoko kwenye sufuria. Ikichajiwa mapema ukoko huyeyuka. Ikicheleweshwa, huwa mgumu na haubanduki tena.

Hapo hali ya hewa ya Kivu inasaidia kidogo. Joto huimaliza betri haraka kuliko watu wanavyofikiri, na nyanda za Kabare, zilizo juu kuliko Ziwa Kivu ambalo lenyewe liko mita 1,460 kutoka usawa wa bahari, hazina joto la Uvira wala la Dar es Salaam. Betri iliyochomolewa na kuwekwa chumbani Mudaka ingeweza kulala miezi bila madhara makubwa.

Ingeweza, kama nyumba isingekuwa na mahitaji. Umeme wa mabwawa ya mto Ruzizi ukikatika usiku, nani ataiangalia betri iliyo chini ya kitanda bila kuifikiria taa? Inaunganishwa taa. Kisha simu ya mwenye nyumba, kisha simu ya shemeji, kisha redio, maana katika siku hizo redio ni muhimu kuliko taa. Na hapo betri inauawa na wale waliotaka kuiokoa. Betri ya gari imeundwa na sahani nyembamba nyingi ili itoe nguvu kubwa sana kwa sekunde chache: stata huweza kudai ampia 200 kwa mkupuo mmoja, kisha dinamo hurudisha deni. Haikuundwa kutoa kidogo kidogo usiku kucha hadi ikauke. Kazi hiyo ni ya betri za sola, zenye sahani nene. Betri ya kuwashia ikikaushwa hivyo mara kadhaa haisimami tena. Lakini ni nani atakayemlaumu mtu aliyechagua kusikia habari badala ya kulitunza gari?

Kuna gari moja ambalo limegeuza suala hili la betri kuwa kitendawili. Porsche 911 lina injini nyuma na betri mbele, chini ya kifuniko cha mbele. Katika matoleo yaliyotoka kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000, komeo la kifuniko hicho hufunguliwa kwa umeme. Betri ikifa, kifuniko hakifunguki. Kifuniko kisipofunguka, betri haifikiki. Ni kama mtu aliyefungia ufunguo wa sanduku ndani ya sanduku. Wajerumani walilijua tatizo hilo, kwa hiyo wakaficha jibu ndani ya kisanduku cha fyuzi karibu na miguu ya dereva: kuna kichuma cha kuvuta nje, unakipa chanya ya betri ya jirani, hasi unaigusisha kwenye chuma cha gari, komeo linalia, kifuniko kinaruka. Wengi wasiojua hilo wameharibu rangi ya gari la bei ya nyumba kwa bisibisi. Mtu wa Kivu ambaye betri yake ilikwisha kuwekwa chini ya kitanda angecheka.

Tuseme basi betri imerudi, imechajiwa, imefungwa. Mwenye gari anataka kugeuza ufunguo mara moja, asikie sauti aliyoikosa kwa wiki saba. Fundi mzuri ndiye anayemshika mkono. Kabla ya ufunguo kuna kazi ya pua na macho.

Panya ni wa kwanza. Mudaka ni mahali pa nafaka na maharage, na palipo na nafaka pana panya, na panya hupenda chumba cha injini kwa sababu kina paa, kina giza na kina waya zenye ngozi laini ya kutafuna. Hujenga kiota ndani ya kisanduku cha filta ya hewa, kwa vitambaa na maganda ya mahindi. Injini ikiwashwa, kiota hicho huvutwa kuelekea kooni mwake. Waya mmoja uliotafunwa unaweza kugharimu zaidi ya safari ya Dar es Salaam, kwa sababu kuutafuta katika gari la mbio ni kama kutafuta sindano penye sindano nyingine elfu moja.

Kisha mafuta, yaani esanse. Petroli ni mchanganyiko wa vitu vyepesi na vizito, na vile vyepesi, ambavyo ndivyo hushika moto haraka injini ikiwa baridi, ndivyo hutoroka kwanza. Katika gari lenye sindano za kunyunyizia na tangi lililofungwa vizuri, wiki sita au nane si kitu. Katika gari la zamani lenye kabureta, kile kibakuli kidogo cha mafuta kilicho wazi kwa hewa hukauka mapema, na kinachobaki ni utando wenye harufu ya vanishi. Ndiyo maana gari la kabureta lililolala haliwaki kwa mkupuo wa kwanza hata likiwa zima: pampu lazima ilijaze bakuli upya. Anayeshikilia stata kwa hasira hadi itoe moshi anamwadhibu asiye na kosa. Mafundi wa upande huu wana maneno yao: uiache kwanza ikunywe.

Na esanse yenyewe ilitoka wapi? Kongo ina watu wanaoitwa kadhafi, wauzaji wa mafuta kandokando ya barabara, wenye bidoni, chupa na mpira wa kunyonyea, waliopewa jina la yule kiongozi wa Libya, nchi ya visima. Bila kadhafi miji mingi ingesimama. Lakini bidoni lililokaa kwenye mvua huingiza maji, na maji ni mazito kuliko petroli. Hushuka chini ya tangi na kutulia, na chini ya tangi ndipo pampu inaponyonyea. Gari linaloendeshwa kila siku huyatikisa maji hayo na kuyameza kidogo kidogo likikohoa. Gari lililolala huyaacha yajikusanye, na siku ya kuamshwa huyapata yote kwa pamoja, kikombe kizima. Dawa ni ya kizamani: nyonya kiasi kutoka chini ya tangi, kiweke katika chupa ya plastiki inayoonyesha ndani, subiri. Maji yatajionyesha yenyewe, yakiwa na mstari wa mpaka ulionyooka kama uliopigwa rula.

Huko juu hewa nayo ni haba. Kwenye mwinuko wa mita 1,500 shinikizo la hewa limepungua kwa karibu moja ya sita ukilinganisha na pwani. Injini yenye kompyuta hulijua hilo na kupunguza mafuta. Kabureta iliyopangwa kwa hewa ya Yokohama haijui lolote, inamwaga kiasi kilekile, na plagi, au bujii kama wanavyoziita Bukavu, hutoka nyeusi kama sufuria ya kuni. Gari lililolala likiwa na bujii za namna hiyo linaamka likiwa na mafua.

Oili ndiyo siri kubwa kuliko zote. Injini inapozimwa, oili hushuka taratibu kutoka juu, kutoka kwenye valvu na camu, hadi kwenye karai lake la chini. Baada ya wiki kadhaa kinachobaki juu ni utando tu. Sekunde chache za kwanza za kuwashwa, vyuma hivyo huzunguka vikiutegemea utando huo hadi pampu ilete oili mpya. Kwa injini ya Hiace iliyoundwa kuvumilia, hilo si jambo. Kwa injini ya mbio, ambayo imezoea kuzunguka mara 7,000 kwa dakika, sekunde hizo zina bei. Kwa hiyo fundi huchomoa kwanza fyuzi ya pampu ya mafuta, huzungusha injini kwa stata kwa sekunde chache bila kuiruhusu iwake, hupumzika, hurudia. Injini inazunguka gizani, haina moto, inajipaka oili. Magari mengi yenye sindano hufanya vivyo hivyo ukikanyaga mafuta hadi sakafuni wakati wa kuwasha: kompyuta huelewa kwamba hutaki mafuta.

Injini za Subaru na za Porsche 911 zina jambo lao la ziada. Silinda zake zimelala ubavu, pistoni hupigana ngumi kulia na kushoto badala ya kupanda na kushuka. Gari likisimama sana, oili hutambaa polepole na kupita kando ya ringi za pistoni, ikaingia mahali isipotakiwa. Ikiwashwa, wingu la moshi wa buluu hutoka nyuma, zito, la kutisha. Asiyejua hulia kwamba injini imekufa. Anayejua huhesabu hadi sitini na kutazama moshi ukikatika wenyewe.

Sasa ufunguo.

Kuna suala ambalo halimo katika kitabu chochote cha maelekezo, na ambalo kila mtu wa Mudaka angelitaja la kwanza: saa ngapi? Injini iliyolala huweza kupiga mlipuko kwenye bomba la moshi, mafuta yasiyoungua yakishika moto nje ya silinda. Bomba la gari la mbio halifichi kitu. Mlipuko huo Naivasha, kando ya njia ya Safari Rally, hushangiliwa. Mudaka, kwenye barabara iliyopitwa na majeshi ya kila rangi kwa miaka 30, wanawake huacha mizani na kutazama vichaka. Basi gari kama hilo haliwashwi alfajiri wala jioni. Huwashwa mchana kweupe, soko likiwa limejaa, baada ya majirani kuambiwa. Mwenye gari hupita nyumba kwa nyumba: mama, leo nitawasha gari, msishtuke. Ni adabu, na pia ni usalama wa kwake.

Hugeuza ufunguo nusu na kusubiri pampu ilie na kunyamaza. Hugeuza tena. Stata inavuta kwa uzito, mara ya kwanza polepole kama mzee anayeinuka kwenye kigoda, kisha silinda moja inashika, ya pili inafuata, ya tatu inasita. Gari linatetemeka kwa mguu usio sawa, kisha miguu yote inakubaliana. Taa ya oili inazimika. Hilo ndilo pekee la kutazama katika dakika ya kwanza, na ndilo ambalo watu wachache hutazama, kwa sababu masikio yamejaa.

Hapo huja kishawishi. Vijana wamekusanyika, mmoja anapiga ishara ya kuzungusha mkono: ongeza, papa, tusikie! Mguu unawasha. Lakini mshale wa joto unaomtuliza dereva ni wa maji, na maji hupata moto mapema kuliko oili. Maji yakiwa tayari, oili bado ni nzito. BMW walilichukulia hilo kwa uzito kiasi kwamba katika M3 la mwanzoni mwa miaka ya 2000 waliweka taa za rangi ya chungwa kuzunguka kipimo cha mizunguko, zinazozimika moja baada ya nyingine kadiri oili inavyopata joto, kumwambia dereva leo hii, dakika hii, ruhusa yako inaishia hapa. Wengine wengi hutegemea subira ya mtu.

Kosa la pili ni kinyume chake: kuliwasha, kuliacha lingurume dakika tano, kuzima, kulifunika, na kujisifu kwamba limetunzwa. Lita moja ya petroli ikiungua huzaa karibu lita moja ya maji. Gari likiwa moto, maji hayo hutoka kama mvuke usioonekana. Likiwa baridi, hubaki ndani ya bomba la moshi na kuchanganyika na oili, na betri haikurudishiwa hata deni la stata. Anayeliwasha gari kila Jumapili kwa dakika tano analiozesha kwa upendo. Ama liachwe lilale, ama liende.

Na kulazwa si kutelekezwa. Mwaka 1972 Idi Amin, mtawala wa Uganda, aliwapa Waasia wa huko siku 90 waondoke. Wapo walioendesha magari yao hadi Entebbe na kuyaacha pale uwanja wa ndege, kwa sababu hayakuwa na pa kwenda. Hayo hayakulazwa na mtu aliyepanga kurudi: hakuna aliyeng'oa betri, hakuna aliyelegeza breki. Familia ya Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, ilikuwa miongoni mwa waliofukuzwa. Miezi michache baadaye, Pasaka ya 1973, alimaliza Safari Rally kwa pointi sawasawa na Harry Källström wa Sweden, na akapewa ushindi kwa sababu alikwenda mbali zaidi kabla ya kupoteza pointi ya kwanza. Ungemtegemea mkimbizi awe na haraka. Alishinda kwa kuchelewa kukosea.

Gari la Mudaka, basi, linaenda. Dereva anaondoa jiwe nyuma ya tairi, anatia gia ya kwanza, anaachia klachi. Gari halisogei. Pedi za breki zimeshikana na diski kwa kutu ya mvua za wiki saba. Anaongeza kidogo, linasikika tuk! kama jino linalong'oka, na gari linaruka mbele hatua moja. Watoto wanakimbia na kurudi. Diski zinasaga kutu, sauti mbaya, kama sepetu kwenye changarawe, na dereva anagusa breki mara kwa mara hadi zing'ae.

Anageuka kushoto kuingia barabara kubwa, kuelekea Miti, polepole, akiyazungusha mashimo anayoyakumbuka na kutumbukia katika yale mapya. Matairi yaliyosimama muda mrefu yamepata sehemu bapa pale yalipokuwa yamebeba uzito, na matairi mapana ya gari la mbio hupata bapa hiyo haraka kuliko mengine. Usukani unagonga mkononi, du-du-du-du, kila mzunguko mmoja pigo moja. Mpira ukipata joto utarudi kuwa duara, baada ya kilomita kadhaa. Pikipiki iliyobeba magunia mawili ya makaa inampita kulia, dereva wake anageuza shingo kulitazama gari, nusura aingie mtaroni. Nyuma, nyumbani, mtoto ameingia chumbani na simu yenye chaji asilimia 3, amepiga magoti, amefunua shuka, na chini ya kitanda hakuna kitu.